Baba Yangu Nyangi na Utatu Mtakatifu

Jumamosi, 24 Mei 2025

Nimeishiwa sauti. Darasa la kipaimara leo, watoto kumi na wawili, masaa mawili chini ya bati linalochoma kama kikaango. Somo: Utatu. Nimeliahirisha mara tatu. Askofu anakuja tarehe 22 Juni, ningeliahirisha mpaka lini?

Nikaanza na mwisho wa Mathayo, pale Yesu anapowatuma wakabatize kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Wakanikodolea macho. Nikajaribu mafiga: matatu, chungu kimoja. Irine, binti wa mzee Nchagwa wa baraza la kanisa, akanyoosha mkono. Akauliza, mwalimu, figa likipasuka si tunaokota jingine? Darasa zima kicheko. Nikajaribu maji na barafu. Brayan akasema barafu ikiyeyuka haiko tena, je, Baba akiwa Mwana, mbinguni anabaki nani? Watoto hawa!

Basi nikawaambia, mnamjua Bibi Nyangi wa kwetu? Wote wanamjua. Nikasema: Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo akatoa ng'ombe zake akamwoa mama yangu Robi, kwa ile ndoa yetu ya nyumba ntobhu, ili mji wake usife. Mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe. Kwa hiyo kwa mama yangu Bibi ni mume. Kwangu na kaka ni baba. Kwa watoto wa kaka ni bibi. Watatu, na ni Nyangi huyo huyo mmoja.

Wakaelewa! Nimeona kabisa macho yakifunguka. Nimerudi kwenye cherehani yangu nikiimba.

Jumapili, 25 Mei 2025

Mzee Nchagwa amenisimamisha mlangoni mwa kanisa. Shikamoo yangu hakuitikia. Mbele ya watu wote: nimemfundisha binti yake kwamba Mungu ni mwanamke aliyeoa mwanamke!

Sijasema hivyo. SIJASEMA.

Mama alikuwa nyuma yangu, amejifunika kitenge mpaka machoni. Bibi hakuja leo, magoti yanamsumbua. Afadhali.

Jumanne, 27 Mei 2025

Nikiwa nashona overoli za watu wa mgodini, kaja mwinjilisti Method. Ana mwaka mmoja tu hapa Matongo, katoka chuo cha Biblia moto moto. Yeye hapigi kelele, na ndiyo inaudhi zaidi. Akasema habari ya mwanamke haimsumbui. Kinachomsumbua ni kwamba nimefundisha uzushi wa kale, wa mtu mmoja aitwaye Sabelio: Mungu mmoja anayebadili vyeo tu, leo Baba, kesho Mwana, kesho kutwa Roho. Akasema Utatu si vyeo vitatu. Ni nafsi tatu.

Nikamuuliza, basi ni miungu watatu? Hapana, mmoja. Sasa wanakuwaje? Akasema ni fumbo.

Fumbo! Kama ni fumbo kwa nini liko kwenye maswali ya askofu? Mtoto akijibu "ni fumbo" atapewa kipaimara? Alipoondoka nikagundua nimeshona mguu mmoja wa overoli nje ndani. Nimefumua wote.

Kwa hiyo nimekosana na Nchagwa kwa sababu moja na Method kwa nyingine, kwa mfano mmoja, ndani ya siku tatu. Hongera Agustina.

Alhamisi, 29 Mei 2025

Nilidhani nimepata! Steven, yule mteja wangu mwalimu wa Sirari, kanitumia picha ya Biblia yake ya zamani ya Kiingereza. Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya tano: wako watatu wanaoshuhudia mbinguni, Baba, Neno na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni mmoja. Imeandikwa hivyo hivyo! Nimefunga cherehani, nimekwenda kwa mguu mpaka kwa Method, jua la saa saba, vumbi la bodaboda mpaka kwenye meno.

Method kafungua Biblia yangu mwenyewe. Pale pale. Roho, maji na damu. Baba hayupo, Neno halipo. Akanieleza pole pole kwamba maneno yale hayamo kwenye nakala za kale za Kigiriki, watu waliyaongeza baadaye.

Nimetembea Matongo nzima kwa ajili ya mstari ambao haupo!

Nikamwambia kwa hasira, na hilo neno Utatu lenyewe, liko wapi kwenye Biblia? Akasema neno halimo, jambo limo. Soma Mathayo tatu, dada Agustina, ila usiikimbie. Kama vile mimi hukimbia.

Jumamosi, 31 Mei 2025

Wazee wa kanisa wamenisimamisha. Barua imebandikwa mlangoni kwa gundi ya watoto: darasa limefungwa mpaka shauri langu liishe. Watoto wamekuja wamevaa vizuri, wameisoma, wamerudi. Kuna wanaotembea saa nzima kuja hapa. Irine hakunitazama.

Miaka miwili nimewafundisha hawa. Miwili!

Jumatano, 4 Juni 2025

Mathayo tatu. Nimeisoma bila kukimbia.

Mwana amesimama majini. Roho anashuka juu yake. Sauti inatoka mbinguni, huyu ni Mwanangu. Yote kwa wakati mmoja! Bibi Nyangi hawezi kusimama mtoni, na hapo hapo awe juu ya kilima anajiita mwenyewe. Angefanya hivyo tungempeleka hospitali ya Tarime. Na Yesu akipanda mlimani kuomba, anaongea na nani? Hajiongeleshi mwenyewe kama mlevi anayerudi nyumbani.

Kwa hiyo Method yuko sahihi. Nimekosea. Inauma kuandika hivi, lakini daftari hili halina mwenyewe ila mimi.

Halafu nikaenda Yohana na ndiko nimekwama tena. Sura ya kumi, mimi na Baba tu umoja. Sura ya kumi na nne, Baba ni mkuu kuliko mimi. Nishike ipi sasa? Na kwetu Wakurya mwana awe sawa na baba yake? Hata rika hawawi moja, hata kiti hawachangii! Nikamfuata Bibi uani, anapukuchua mahindi, nikamuuliza mwana anaweza kuwa sawa na baba. Kasema, wewe ndiye uliyesoma, mimi nina mahindi hapa, kama huna kazi kaa upukuchue.

Nimepukuchua debe zima. Jibu sijapata.

Ijumaa, 6 Juni 2025

Nimekwenda mwenyewe kwa Method. Nikamwambia, nimekosea, mfano wangu unawafanya watatu kuwa mmoja aliyevaa kofia tatu. Kisha akacheka vizuri, mara ya kwanza namwona anacheka, akasema hata mafiga yana makosa, hata barafu, kila mfano una mahali unapovunjika, na yeye mwenyewe chuoni alipata sifuri kwa mfano wa yai.

Kumbe! Angeniambia hilo tangu Jumanne ile, si ningemkaribisha chai?

Jumapili, 8 Juni 2025. Pentekoste

Mchungaji Waitara karudi kutoka Tarime, baraza limekaa. Jumapili ijayo, ambayo ndiyo ya Utatu, nitasimama mbele nisome maneno ya kukiri kosa. Baadaye narudishiwa darasa na nawapeleka watoto kwa askofu. Nisiposoma, wanangoja mpaka askofu apite tena, na hakuna ajuaye ni lini.

Nitasoma. Kosa ni langu. Nimelala mchana kutwa kwa raha.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Wameleta karatasi.

Mstari wa kwanza: nilifundisha kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni vyeo vya nafsi moja. Kweli. Wa pili: naukana uzushi huo. Sawa, naukana. Wa tatu: "Nakiri pia kwamba Nyangi si baba yangu, kwa kuwa mwanamke hawezi kuwa baba, na naikana nyumba hiyo mbele ya kanisa."

Eh! Naikana nyumba! Nilale wapi sasa, kwa Nchagwa?

Maana ni yeye aliyeuongeza huo mstari, na baraza likanyoosha mikono. Nimekwenda kwa mchungaji. Kasema, Agustina binti yangu, soma tu, ni dakika moja, Mungu anajua moyo wako. Thelathini na moja, miaka yangu yote, kanisa hili halijasema lolote kuhusu nyumba yetu. Walitubatiza, wakala kwetu Krismasi, wakanyamaza. Leo wamepata mdomo, na wanataka uwe wangu!

Nikamkuta Method nje. Nikamuuliza, Mungu Baba ana mwili wa kiume? Hana, Mungu ni Roho, Yohana nne. Basi ubaba wake hautokani na mwili? Hautokani. Basi? Kasema, dada Agustina, umeanza tena. Lakini hakunitazama usoni. Nikamuuliza alinyoosha mkono na yeye? Kasema mwinjilisti hapigi kura. Jibu gani hilo!

Mwaka ule wazee wa mila walipokuja kunitaka nikakeketwe, mimi na wenzangu wa rika, nani alisema hapana? Mama alisema, hakuna aliyemsikia. Yule mwanaume aliyetuzaa hata sura yake siijui. Bibi akawaambia, huyu ni mtoto wa ng'ombe zangu, mimi ndiye baba yake, na mimi nimekataa. Wakaondoka. Walimtukana njia nzima, lakini waliondoka. Ile ilikuwa hapana ya baba. Ya mama isingetosha.

Sasa nisimame niseme si baba?

Jumamosi, 14 Juni 2025

Mama kamwambia Bibi. Nilikuwa sitaki! Bibi kaniita, kataka nimsomee karatasi yote kwa Kikurya. Nimesoma. Mstari wa tatu nimeumeza meza, kasema rudia. Nimerudia.

Akauliza, usiposoma hao watoto kumi na wawili wanaachwa? Nikasema ndiyo. Akasema, basi soma. Akachukua kibuyu akaenda kukamua.

Soma! Hivyo tu, kama naambiwa nisome bei ya sukari! Nimekasirika naye kuliko ninavyomkasirikia Nchagwa. Nimemfuata mpaka zizini nikamwambia, Bibi, huoni aibu, watu wataniona nakukana. Kasema ng'ombe akishtuka hatoi maziwa, ondoka hapo.

Nimelia nyuma ya zizi. Kaka kanikuta, kasema kesho atavaa koti lake asimame nami. Kwetu mtu anayerudishwa kundini hasimami peke yake, mchungaji humwita baba yake asimame naye, na asiye na baba husimama na kaka au mjomba. Nimemshukuru. Angalau hilo limepata mtu.

Jumapili, 15 Juni 2025. Utatu. Saa sita na nusu

Naandika nyuma ya karatasi yao hiyo hiyo, nimekaa benchi la mbele. Daftari liko nyumbani, lakini nisipoandika sasa nitapasuka.

Kanisa limejaa mpaka madirishani. Watoto wangu wote kumi na wawili wamekaa upande wa kushoto. Baada ya mahubiri mchungaji akaniita. Nikaenda mbele. Akasema, kama ilivyo desturi yetu, baba wa Agustina asimame naye.

Kaka akafunga kifungo cha koti. Kabla hajainuka nikasikia fimbo kwenye sakafu. Bibi. Katoka benchi la akina mama, na yale magoti yake, kapita katikati ya kanisa hatua moja moja, akaja akasimama kulia kwangu.

Mzee Nchagwa akasimama. Bibi, rudi ukae, ameitwa baba.

Bibi akasema, nimesikia. Ndiyo maana nimekuja.

Nikamnong'oneza, si ulisema nisome? Kasema, wewe soma yako. Mimi nimeitwa.

Nikasoma mstari wa kwanza. Nikasoma wa pili, kwa sauti, na nilimaanisha kila neno: ni nafsi tatu, Mungu ni mmoja, na mfano wangu ulikuwa wa uongo. Method akaitikia Amina peke yake. Nikafika wa tatu. Nikausoma kwa macho. Mdomo ukakataa! Mkono wa Bibi uko kwenye kiwiko changu, haunivuti wala haunisukumi. Mchungaji akasema, endelea Agustina. Nikasema, mchungaji, ninyi mmemwita baba yangu, na amekuja. Nisomeje sasa?

Kelele! Wengine wanapiga makofi, wengine wanatoka. Mchungaji akaliita baraza lote kwenye chumba cha nyuma, na Method naye. Ni karibu saa nzima sasa. Kwaya wameimba mpaka wamekauka. Irine amemletea Bibi kiti, Bibi amekataa kukaa, kasema hakuna aliyemwambia akae. Irine kabaki amekishika.

Nimekasirika na nina njaa. Kama watawaacha hawa watoto kwa sababu yangu sijui nitawatazamaje wazazi wao.

Mlango unafunguka. Mchungaji Waitara, peke yake, kijasho kinamtoka. Hajaniita mimi. Amesema pole pole kama mtu anayemeza kidonge: baba wa Agustina aingie.

Kaka hajainuka. Bibi ameingia. Mlango umefungwa tena na Nchagwa anafoka huko ndani, Kiswahili na Kikurya. Sauti ya Bibi bado siisikii.