Kundi la Uhakika

St. Cloud, Minnesota
20 Oktoba

Mpendwa Dada Marlene,

Pokea salamu zangu na za Brynn. Natumaini goti limepoa, na kwamba lile jiko lako la kukaushia samaki halijaunguza banda tena. Huku tu wazima, ila mimi usingizi umenikimbia, na sababu ni huyu binti yetu.

Unajua tangu mke wangu Janine afariki, habari ya chuo ndiyo inayotukutanisha mimi na mtoto. Kila Jumapili tukitoka kanisani tunasimama mbele ya friji na zile sumaku tulizonunua katika kila chuo tulichotembelea, tunazipanga makundi matatu: vyuo vya ndoto, vyuo vya saizi yake, na vya uhakika, ambavyo haviwezi kumkataa. Juu kabisa kipo kile cha Boston. Tulikubaliana aombe mapema, kwa ahadi kwamba wakimchukua haendi kwingine. Mwisho ni tarehe mosi Novemba. Mzazi naye hutia sahihi, na mimi nilitia zamani, tena kwa mbwembwe. Yeye bado. Nikimuuliza ananiambia, "Baba, tulia basi, kuna kitu nakiweka sawa."

Kitu gani? Nikaanza kufungua macho. Jumamosi anaaga kwamba anakwenda maktaba, anarudi jioni bila kitabu. Nikadhani ni mvulana. Kisha nikamkuta uani akinong'ona na jirani yetu Gordy, yule mstaafu wa posta. Waliponiona wakaanza kusifia majani ya miti. Gordy, Dada! Mtu ambaye hajawahi kusifia kitu maishani ila timu yake ya magongo. Wiki hiyohiyo Darlene wa kwaya, yule mjane, akanishika mkono mlangoni mwa kanisa, akanialika nikale viazi na nyama vya kuoka, akauliza kama napenda dansi. Nani kamwambia mimi nacheza? Nikaona mji mzima una siri, na mimi tu sijaambiwa.

Jumamosi iliyopita nikaingia gari la Brynn kutafuta mwavuli wangu. Harufu ikanipokea: samaki wa moshi, waliopakwa shira. Pwani yote ya Ziwa Superior anayewapaka shira nyingi namna hiyo ni wewe peke yako. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Hapo karibu nawe kuna chuo kidogo, wewe hukujaliwa mtoto, na wangu unampenda. Sikufichi, nilikuita mwizi, humohumo garini, kwa sauti.

Nikamweka Brynn kitako. Nikamwambia nimejua yote, shangazi yako anataka kukuiba. Akacheka mpaka machozi, halafu akalia kweli. Akasema Boston anaitaka hata kesho, ila hawezi kutia sahihi kabla hajajua mimi nitakula na nani Jumapili. Kumbe alikuwa akizunguka kuniombea nafasi! Amenipanga vilevile tunavyopanga vyuo. Darlene ni ndoto. Gordy ni saizi yangu, kwa mechi na supu ya kopo. Na wewe ni uhakika, huwezi kunikataa. Akaniambia pia kwamba wewe ulimbembeleza aniambie mwenyewe, naye akakuapisha unyamaze.

Nilikasirika upya. Nikamwambia mimi si mbwa wa kuachiwa majirani. Kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, ili asinione uso.

Nakwambia wewe tu, Dada: naiogopa nyumba hii bila yeye. Zile sumaku nilikuwa nazipanga na kuzipangua makusudi, ili Jumapili isiishe.

Jana nimemwambia atie sahihi. Kakataa mpaka apate jibu lako, na jibu la simu halitaki. Anasema maombi huandikwa, tena mwombaji ajieleze. Basi najieleza. Jumapili zangu ziko wazi. Nikitoka kanisani saa tano, saa nane niko kwako. Napasua kuni, naosha vyombo, nakula chochote. Nakoroma, hilo unalijua.

Darlene nimemjibu kwamba sijui dansi. Amesema atanifundisha, na mimi bado namtilia shaka.

Nisalimie paka wako, na goti ulikande kwa maji ya moto. Tafadhali nijibu kabla ya tarehe mosi, mtoto asije akakosa Boston kwa ajili yangu. Je, nimekubaliwa?

Mdogo wako,
Curtis