Gari Linalotaka Kubembelezwa

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 14 Juni.

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Kikohozi kimepungua, au bado unakipa dawa ya kukisahau? Sisi hatujambo, ila uchovu. Goti la Mama ni lile lile. Shemeji yako mzima, na watoto wazima, wanakula kama wanalipwa.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu haya siwezi kuyasema kwenye simu Mama akiwa pembeni. Ni habari za gari.

Usinielewe vibaya. Ulipolituma tulifurahi mno. Halina moshi, halina kelele, na Mama anasema akiwa ndani ni kama yuko sebuleni. Lakini ule mlango, mdogo wangu. Hauna hata tundu la kutia ufunguo. Vipini vimelala ndani ya bati, vinasubiri kirimoti kisogee ndipo vitoke. Tangu mwanzo vina mambo yao. Nakipunga kirimoti, nakipuliza, nakisugua kwenye sketi, halafu kinachofunguka ni buti peke yake. Shemeji yako amelibatiza Bi Harusi, maana mpaka libembelezwe.

Tangu mwezi wa nne limezidi. Jumanne na Ijumaa, siku za kumpeleka Mama kwenye mazoezi ya goti, haliitiki kabisa. Namwacha Mama ameegemea ukuta na mkongojo wake, nakupigia, unalifungua na kuliwasha kwa simu yako kutoka huko huko. Jioni natia betri mpya kwenye kirimoti, linafunguka vizuri, nasema limepona. Siku ya mazoezi ikifika, betri imekufa. Fundi wa umeme alikuna kichwa, akasema hajawahi kuona kirimoti kinachokula betri namna hii.

Nami nikifika kazini, foleni ya kina mama walioleta watoto kuchanjwa imeshatoka nje ya geti. Nesi mkuu amenipa onyo la pili, kwa maandishi. La tatu ni uhamisho. Nikihamishwa, Mama nitamwacha na nani?

Sasa sikiliza. Jana kifungo cha sare yangu kilikatika. Nikafungua kopo la vifungo la Mama, lile la tangu enzi za cherehani yake. Katikati ya vifungo nikakuta rundo la betri za duara, mpya kabisa. Zile zilizokwisha, nilizokuwa nazitupa kapuni, alikuwa anaziokota na kuzirudisha kwenye kirimoti. Si unajua mikono yake, kile kidude alikifungua kwa ncha ya mkasi.

Nilikasirika, sikufichi. Nilizimwaga mezani mbele yake nikamuuliza kama anataka nihamishwe. Hakukana. Aliendelea kutunga uzi kwenye sindano, kisha akasema, "Likikataa, anapokea."

Simu zetu za salamu hupokei, unatuma ujumbe kwamba uko kazini. Lakini nikipiga asubuhi za mazoezi, ukijua ni gari, mlio wa pili hauishi. Na wakati unahangaika na mlango, Mama anapata dakika zake mbili: umekula, umevaa sweta, kikohozi je. Ndiyo maana kila mara ananiambia niweke sauti kubwa. Mimi nilidhani ana wasiwasi na gari. Anasimama na goti lile, juani, kwa hiari yake.

Sikugombezi, zamu zako nazijua. Mimi mwenyewe ninaishi naye na jioni nyingine simsemeshi, nakula na kulala. Alipopika uji leo asubuhi nilimwomba radhi kwa yale makelele. Akaniambia nilete sare ashone kifungo.

Kuhusu onyo la tatu, nimejihami: kirimoti sasa kinalala chini ya mto wangu, na betri ni mpya.

Msalimie sana wifi yangu, na binti yako umwambie shangazi yake anamdai picha. Shemeji yako anakusalimu na Bi Harusi wake. Mungu akutunze kazini na njiani, akupe na usingizi, maana najua huupati.

Kesho kutwa ni Jumanne. Saa mbili asubuhi ya huku gari litafunguka bila matata, na Mama ataingia akae kimya. Nakuomba upige.

Dada yako akupendaye, hata akichoka.