Mikono ya Mama Salim na Uvimbe Wangu

Jumanne. Mtongwe kumekucha na manyunyu. Naandika nimelala kifudifudi, maana makalio yangu yamegoma kazi.

Jana daktari alitueleza, mimi na mke wangu, Mama Salim. Uvimbe ulio kwenye kifandugu changu, kile kifupa cha mwisho wa mgongo, ni saratani ya nadra iitwayo kodoma. Mtoto akiwa tumboni, kabla hajaota uti wa mgongo, huwa na kamba laini mahali pake. Mifupa ikija, kamba hupotea. Yangu ilibakisha kipande, kikakaa kimya miaka na miaka, kisha kikaanza kukua.

Yaani dude hili limeutangulia uti wangu wa mgongo. Kwa adabu zetu, ni mimi wa kuliamkia shikamoo.

Nilipomwambia hivyo, daktari alicheka. Mama Salim hakucheka.

Ana sababu. Miaka miwili amenikanda pale kwa mafuta ya simsim, kila siku baada ya alasiri, akiwaambia majirani kwamba linanywea. Mwezi uliopita nilishindwa kabisa kukaa, ndipo tukaenda hospitali. Majibu ya vipimo yalipotoka wiki iliyopita, mdomo wangu huu usio breki ukamwambia, "Umenikanda kama unga wa mahamri, leo nimeumuka." Aliingia jikoni akalia. Tangu hapo hajanigusa hata bega.

Jana akamwuliza daktari, "Mwanangu, nambie kweli. Ni mikono yangu?"

"Hapana, mama. Uvimbe huu hauletwi na kukandwa. Ila mngemleta mapema, tungekata padogo."

Sasa watakata mfupa pamoja na mishipa yake ya fahamu. Nikipona, huenda nisiweze tena kuzuia haja. Mtu mzima, navishwa nepi kama mjukuu wangu.

Tukirudi, kwenye feri, akasema, "Baba Salim, nimekuchelewesha mimi."

"Wacha weye," nikamjibu. Basi. Mimi mwenye maneno ya kujaza gunia.

Kweli yenyewe ni hii.

Mwezi wa tatu tu tangu aanze kunikanda, nilijua hakunisaidii. Nikenda zahanati peke yangu, wakaniandikia barua niende hospitali kubwa nikapigwe picha. Barua nikaitia chini ya godoro. Nikamwambia Mama Salim wamesema niendelee kukandwa.

Mnaosoma mtanicheka. Tulikuwa tumeshazeeka, kila mtu na upande wake wa kitanda. Ile nusu saa alikuwa akinikanda huku akinimwagia umbea wa mtaa mzima, nami nikimchokoza, akinifinya. Sikutaka iishe.

Woga? Ulikuwapo pia, wallahi.

Keshokutwa napasuliwa. Nisipoamka, atabaki akiitazama mikono yake hadi afe. Afadhali anilaani mimi ningali hai.

Yuko uani anafua. Barua nimeitoa, imekunjika, maandishi bado yasomeka.

Nimeshamwita. Ameitika "abee", na nasikia kandambili zake zinakuja.