Kwako Chiriku, Uliyezimwa Ukiwa Hewani

Leo umetimia mwaka tangu ututoke, Chiriku. Watu walituambia tuipe hasira muda, itapoa yenyewe. Muda tumeupa. Haijapoa.

Mama alitaka tangazo hili liwe fupi: picha yako, tarehe, basi. Kaka akakataa. Alisema ulipofariki tuliandika vile vile kwa adabu, na wenye redio wakalisoma tangazo letu kwa sauti ya huzuni kana kwamba wao hawahusiki. Ndiyo maana safari hii kalamu nimepewa mimi, mdogo wako, niseme yaliyotokea.

Wasiokujua na wajue. Ulikuwa mwimbaji. Ule wimbo wako wa harusi, ambao mpaka leo hakuna bibi harusi anayeingia ukumbini bila huo, ndio uliokupa jina mjini. Lakini kabla ya wimbo, miaka sita mizima ulifanya kazi za ndani kwa watu. Ulipika, ukafua, ukalea watoto wao watatu, na chakula chako ukakilia kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Wale watoto ndio waliokubandika jina la Chiriku, kwa kuwa ulikuwa huachi kuimba ukipiga pasi. Mama yao aligonga ukuta ukizidisha.

Ulipoanza kujulikana, hukujisahau. Ukialikwa mahali ulianza kusalimia jikoni ndipo uende sebuleni, na wenyeji wengine walinuna. Kikombe ulichonywea ulikiosha mwenyewe kabla hujaaga. Ulipenda utani kupita kiasi, lakini mtu akisema "msichana wangu wa kazi" kumhusu mwanamke mwenye wajukuu, utani wako uliishia hapo hapo.

Filamu yako, ya mwanamke wa kazi za ndani, ilitoka huko. Ulikuwa umeshaanza kuumwa figo. Mara mbili kwa wiki ulilala kwenye mashine ya kusafisha damu, mkono mmoja umechomekwa sindano, wa pili unaandika kwenye daftari. Hukuwa na kampuni nyuma yako. Aliyeshika kamera ni mpiga picha mmoja wa maharusi. Jiko linaloonekana ni la mama, tulilihama miezi minne tukawa tunapikia uani huku mama akilalamika na kucheka. Walioigiza ni wanawake wa kazi hizo hizo, na kwa sababu wengi wao hupumzika Jumapili tu, wengine Jumapili moja kwa mwezi, filamu ya saa moja na nusu ilitafuna miaka miwili.

Mwenye ukumbi wa sinema aliitazama mpaka mwisho. Akafuta miwani. "Nzuri," alisema. "Lakini nani anaijua? Redio zikiisema, nakupa wiki nzima. Zisipoisema, siwezi kuvionyesha viti vitupu."

Basi ukaanza kuzunguka studio.

Tulikusikiliza kwa mama, redio juu ya kabati la vyombo, wanao wawili wamekaa chini yake. Kituo cha kwanza walikupa dakika ishirini, na kumi na tano zikaishia kwa aliyekuwa mumeo.

"Bado mnaongea?" aliuliza yule kijana wa kipindi cha asubuhi.

"Tunaongea. Nimekuja kuzungumzia filamu."

"Tutafika huko, dada. Kwanza wasikilizaji wanataka kujua, ndoa ilikushinda wewe, au wewe ndiye uliyemshinda mwenzio?"

Mwenzake akaangua kicheko. Walipofika "huko," muziki wa kufungia kipindi ulikuwa umeshaanza.

Kwenye televisheni walikupaka poda wakataka uimbe wimbo wa harusi na ucheze kidogo. Siku hiyo ulikuwa umetoka kwenye mashine, na sote tuliona ulivyoishikilia meza. Kisha wakaonyesha kipande cha filamu bila sauti, huku mtangazaji akikusifu kwamba umepungua, umependeza. Umepungua. Ulikuwa unakufa, dada.

Kituo cha tatu ulikutana na bwana anayejiona mkali wa hoja. "Nani yuko nyuma yako?" alikuuliza. "Nani anakutuma uchafue familia za watu wenye heshima zao?"

Ukamjibu taratibu, "Hilo shati lako, leo asubuhi amekupigia pasi nani?"

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu hata kaka akainuka kutazama kama betri zimekwisha.

Mimi nilikuwa mtu wa kukushauri. "Dada, waimbie wimbo wao, cheka nao, ndivyo vitu vinavyouzwa." Nilikwambia hivyo ukiwa umejilaza kwenye kochi la mama na miguu imevimba. Ninayaandika haya ili wanaosoma wasidhani hasira yetu inawaangukia watu wa redio peke yao.

Kisha ukaitwa na mtangazaji wa kipindi cha mchana, yule ambaye mji mzima unamwita Shangazi. Huyu alikuwa ameiona filamu. Alikuuliza kwa nini mwanamke wa kwenye filamu hatajwi jina mpaka dakika za mwisho, nawe ukasema, "Kwa sababu hakuna anayemuuliza." Mama alisogeza kiti. Tukaona sasa mambo yameiva.

Wakafungua simu. Ilipofika saa nane na robo akaingia mwanamke mtu mzima, anaongea chini chini.

"Jina sitaji. Nimejifungia stoo, nina muda mfupi."

"Sema, mama," ulimwambia.

"Mwaka wa tatu huu sijavuka geti. Kitambulisho changu wanacho wao. Nakusikiliza napiga pasi hapa. Hiyo filamu inaonyeshwa lini?"

"Inaanza Jumapili."

"Jumapili sina ruhusa."

"Una ruhusa siku gani?"

"Sina siku," alisema.

"Nyumba iko wapi, mama? Hata kama hujui mtaa, niambie ukichungulia dirishani unaona nini."

"Naona tangi la maji la bluu. Na ukuta wa shule, umeandikwa…"

Tukasikia tangazo. Sauti nyororo inamsifia wakala wa kuwatafutia watu wafanyakazi wa ndani: waaminifu, watiifu, wasio na makuu. Hao ndio waliokuwa wadhamini wa kipindi.

Mliporudi hewani Shangazi alisema, "Bahati mbaya laini imekatika."

"Haikukatika," ulisema. "Imekatwa. Nimekuona ukimpungia mkono fundi mitambo."

"Mpenzi wangu, hayo ni mambo ya kitaalamu."

"Alikuwa anatuambia alipo."

"Tuendelee na filamu, mpenzi."

"Filamu ndiyo hiyo uliyoikata." Ukasogea karibu na kipaza sauti, tulisikia kiti kikiburuzwa. "Mama wa stoo, kama bado unanisikia, andika namba hii." Ukaanza kutaja namba yangu, ambayo ndiyo uliyoijua kwa kichwa. Ulifika tarakimu ya saba. Wakakufunika kwa wimbo wa harusi, ule ule wa kwako. Walikuzima kwa sauti yako mwenyewe, na mwanamke yule akabaki na namba pungufu.

Kesho yake ulirudi kituoni kuomba namba aliyopigia. Ilikuwa kwenye mitambo yao, iliingia yenyewe kama zinavyoingia zote. Walikukalisha kwenye benchi la mapokezi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa yako ya mashine ikafika. Mtu akatoka akasema hiyo ni siri ya kituo. Vituo viwili vilivyobaki vikafuta mahojiano. Mwenye ukumbi akapiga simu, akasema anatengeneza paa. Paa lile halijaguswa na fundi hata leo.

Siku hiyo hiyo ulipita kwangu. Nilikuwa nikiishi na mama mmoja anayenisaidia kazi, mkubwa kuliko wewe na mimi. Ulinipita sebuleni ukaenda kusimama naye kwenye sinki.

"Mama, Jumapili una ruhusa?" ulimuuliza.

Alinitazama mimi. Wewe pia ukageuka ukanitazama. Ilikuwa imepita miezi minne bila kumpa siku, na kila Jumapili nilikuwa na sababu yangu: wageni, mtoto ana homa, mvua.

"Sasa dada," nilisema, "kesi imehamia kwangu?"

"Nimezunguka vituo vyote natafuta watu wanisikilize," ulisema. "Na hapa kwako redio inawaka kutwa."

Uliaga ukaondoka. Yule mama nilimpa ruhusa Jumapili ile, na zilizofuata. Baadaye akaacha kazi kwangu, kwa hiari yake, bila kunieleza sana. Sikustahili maelezo.

Filamu uliionyesha mwenyewe kwenye chumba cha fundi cherehani, madirisha yamezibwa kwa vitambaa vya bitana, watu wamekalia marobota. Jumapili tatu kilijaa hadi mlangoni. Ulisimama pale ukimuuliza kila anayeingia, "Ni wewe uliyepiga simu?" Wote walikataa. Wengine walisita kwanza, na hao ndio waliokukosesha raha.

Ikabaki kumtafuta mtaa kwa mtaa. Kaka alikuendesha kwenye gari lake la kusambazia mikate, siku ambazo hukuwa na mashine. Mlizunguka kuta za shule moja baada ya nyingine. Ukiona tangi la bluu ulishuka, ukagonga geti, ukajifanya unauza sabuni. Kaka anasema mlipata wateja wa kweli, ikabidi mnunue sabuni. Huo ulikuwa utani wako wa mwisho nje ya hospitali.

Kitandani ulimuuliza, "Ile shule nyuma ya soko, tulishapita?"

"Tulishapita," alikwambia, ili utulie.

Hamkuwa mmepita. Alienda mwenyewe kesho yake asubuhi. Hakukuwa na tangi lolote, na alipofika hospitali hukuwepo tena.

Mazishini walikuja wote. Yule kijana wa asubuhi, bwana wa hoja, watu wa televisheni na kamera tatu. Shangazi alivaa miwani myeusi, akalia mbele ya kaburi lako, akasema amempoteza rafiki. Wiki ile filamu yako ilisemwa kila kituo, ikaitwa ya kijasiri, na mwenye ukumbi akaionyesha siku saba. Hakutaja paa. Tuliokujua tulikaa nyumbani tumezima redio. Wanao walituuliza kwa nini.

Kaka bado anazunguka. Anaposambaza mikate hutazama juu ya kuta. Hajampata.

Mwezi huu walipiga simu kutoka kipindi cha mchana. Wanataka familia iende studio kwa kipindi maalumu cha kumbukumbu yako. Mama ndiye aliyepokea, akaweka sauti kubwa ili nasi tusikie.

"Mama yetu, tunataka kumuenzi," alisema mtayarishaji.

"Yule mwanamke wa stoo," mama alimuuliza, "mlimpigia?"

"Yupi, mama?"

"Namba yake mlikuwa nayo nyie. Mlimpigia?"

Mtu yule akaanza kusema habari za utaratibu, na mabadiliko ya uongozi, na kwamba yeye ni mgeni kazini. Mama alimwacha amalize. Unamjua mama yako, hamkatizi mtu.

"Mwanangu alikuja kwenu akiwa hai," alisema, akaiweka simu mezani na kurudi kwenye mchele wake aliokuwa akiuchambua.

Unakumbukwa na mama yako, kaka yako na mkewe, mimi mdogo wako, wanao wawili, mpiga picha wako, fundi cherehani, yule mama aliyekuwa kwangu, ambaye ameomba atajwe hapa pamoja na ndugu, na wanawake wote kumi na wanne wa filamu yako.

Hatutakusahau kamwe, Chiriku. Na wenye redio pia hatutawasahau.