Mkono Nilioushusha

Shangazi,

Baba amerudi kutoka Jeddah. Anasema amekuzika vizuri, na waliokuja walikuwa wengi: wanawake wanaofanya kazi katika nyumba za mitaa ya Al-Safa na Al-Hamra, waliopewa ruhusa ya kutoka siku hiyo. Nilimuuliza mbona wewe hukupewa ruhusa kama hiyo ulipokuwa hai. Alikwenda kunywa maji.

Kuna jambo sijamwambia. Nianze kwako.

Unakumbuka ulivyonituma? Chama chetu cha Wakenya cha kusaidiana kilikuwa kinakutana hapa Riyadh, mtaa wa Manfuha, siku ya Ijumaa, kiamue kama wanaofanya kazi ndani ya majumba waruhusiwe kupiga kura kwa bahasha au kupitia mtu. Kwa mara hiyo moja, mwenyekiti alikubali jamaa ainue mkono kwa niaba ya asiyeweza kufika. Ukanitumia ujumbe wa sauti madam akiwa amelala mchana, maji yakichuruzika kwenye sinki. "Mwalimu," ulisema, jina ulilonipa kwa sababu ya vitabu vyangu, "mchango natoa kila mwezi, neno sina. Niinulie mkono, useme ndiyo. Na usione haya. Mkono hauumi."

Jumatano presha ikakuchukua. Baba akaja huko, na Ijumaa nikaenda mkutanoni peke yangu.

Waliopinga hawakuwa wajinga. Mzee Chengo, yule dereva, alisema bahasha ikipitia mikononi mwa kafili, yule mwajiri mdhamini, nani atajua kama haikufunguliwa? Na mtu akija na kura za wanawake kumi mfukoni, si yeye ndiye amekuwa chama? Mama Zuhura akamrukia: "Wewe Ijumaa unazunguka mjini na gari la bosi, utajua nini habari ya kufungiwa? Wao wachange, wewe uamue?" Kila aliyesema, nilimwona ana haki. Unanijua.

Wanaokubali wakaambiwa wainue mikono. Nikauinua wako.

Mzee Chengo akageuka. "Huo ni wa nani, mwanangu?"

"Wa Shangazi Mwanajuma."

"Si tumeambiwa amefariki, Mungu amrehemu?"

Nikaitikia. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti: "Haya! Marehemu washaanza kupiga kura. Sasa tumefika Kenya!"

Watu wote wakacheka. Hata Mama Zuhura aliziba mdomo. Hakikuwa kicheko kibaya, Shangazi. Ungekuwepo ungekuwa wa kwanza kucheka. Lakini mimi niliushusha mkono.

Ndiyo ilikosa mkono mmoja tu ipite.

Baadaye nilisoma mahali kwamba aliyetumwa hana tena ruhusa pale aliyemtuma anapokufa. Huenda ni kweli. Nimejaribu kujificha humo, sienei. Wakati ule sikuwa nawaza sheria yoyote. Nilikuwa nawaza kwamba watu wananitazama. Mwenyekiti hata hakusema kura yako haifai. Alikuwa bado anahesabu.

Rafiki yako Kadzo alinipigia kutoka Al-Hamra, akinong'ona upesi kabla hajaitwa, akiuliza imekuwaje. Nikamwambia, "Halas, wamekataa." Sikumwambia kwa nini. Akasema, "Haya basi, tumezoea." Akanipa pole ya msiba. Yeye anipe mimi pole!

Leo Baba akimaliza kula nitamweleza yote. Kisha nitamwomba, kwa kuwa yeye ni mwanachama, airudishe hoja mkutanoni, na nitaomba nisimame mimi niseme kilichotokea, hata sauti ikikatika. Hofu za Mzee Chengo nitazitaja pia, maana ni za kweli. Wakikataa baada ya kunisikia, nitanyamaza. Na nitampigia Kadzo, nimwambie ni mimi.

Ujumbe wako bado uko kwenye simu. Nimeshindwa kuufungua tena tangu Ijumaa ile. Nitaufungua siku ya mkutano huo, kabla sijaingia.

Ulisema mkono hauumi. Unauma, Shangazi. Nitauinua hivyo hivyo.

Pumzika sasa, hakuna wa kukuita.

Mwalimu wako