Mume Wangu Haruhusu

Herne, Jumapili, baada ya adhuhuri

Sevde,

Huna haya. Nimeanza na hilo usije ukasoma salamu ukadhani nimepoa. Mtoto niliyemwogesha kwenye beseni, nikamfundisha Alhamdu kabla hajaota meno ya mbele, leo ananiandika kitabuni kama mdudu aliyemfunua chini ya jiwe! Huna haya hata chembe.

Haya, salamu ni amri ya Mungu, siyo zawadi yako. Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani huko Leipzig? Kifua kimepona? Mama yako anasema unakula mkate mkavu mbele ya kompyuta na unalala popote usingizi unapokukuta. Pika supu ya dengu, dengu hazidai shahada. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto na sukari, na vyote viwili vimepanda tangu Jumanne ya juzi. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu unasema bibi niko kikaoni, halafu kimya. Barua haina kitufe cha kukatia.

Sasa sikiliza. Jumanne hiyo mkaza mwana wa shoga yangu Perihan alikuja kwenye chumba cha chai cha msikiti na karatasi alizozitoa kwenye mtandao. Ni ile sura ya utafiti wako uliyowasomea watu wa manispaa, na inayochapwa kuwa kitabu mwezi wa tatu. Tulijaa furaha, wanawake kumi na mmoja. Perihan alikuwa ameoka börek, ule mkate wetu wa matabaka, ya mchicha, sinia zima, kwa kuwa mtoto wetu amekuwa msomi. Mkaza mwana akawa anasoma Kijerumani na kututafsiria, na kadiri alivyosoma ndivyo mikono ilivyozidi kurudi mapajani. Börek ikabaki. Umewahi wewe kusikia börek ya Perihan imebaki?

Umeandika kwamba uliwahoji wanawake kumi na saba wa msikiti wetu, na kumi na wanne kati yao hawaendi darasa la jioni, wala bwawani siku ya wanawake, wala mikutano ya mtaa, kwa sababu waume zao hawawaruhusu. Umesema huu ndio Uislamu ulivyo kwenye nyumba za Ulaya, utii uliokwisha kuingia mifupani. Mifupani! Wewe ulipima mifupa ya nani? Ya Perihan, ambayo daktari mwenyewe ameshindwa kuielewa?

Majina umebadilisha, ndiyo, tumeona. Na mimi katika majina yote ya dunia umenipa la Hacer. Hacer ni wifi yangu, aliyenisema vibaya tangu siku ya harusi yangu hadi siku ya mazishi yake. Halafu chini ya jina umeandika, miaka sabini na minne, hana elimu. Nimesoma madarasa matatu kwetu Uturuki, Zonguldak, na barua hii naiandika kwa mkono wangu, bila mashine ya kunisahihisha.

Watafiti siyo wageni kwetu. Tangu minara ile miwili ya Marekani ianguke, haupiti mwaka hajaja mmoja na kalamu yake. Mmoja alihesabu mitandio. Mmoja alitaka kujua kama tunajisikia nyumbani, nikamwambia nimejisikia nyumbani mpaka ulipobisha hodi. Mbona hawaendi kanisani hapo ng'ambo ya barabara kuwauliza akina bibi wa Kijerumani kama waume zao wanawaruhusu kuogelea? Tumewavumilia wote hao, maana ni watoto wa watu. Wewe ulipokuja na kinasa sauti chako tulisema huyu ni wetu, anajua tunavyosema.

Na hapo ndipo uliponiua. Kwa sababu ulijua! Ulikuwa na miaka tisa, umekaa kwenye ngazi yangu unakula mbegu za alizeti, yule muuza mashine za kufyonza vumbi alipokuja mlangoni. Nilimwambia nini? Nilimwambia samahani sana, mume wangu haruhusu. Naye akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda zake. Na babu yako Hamdi, Mungu amrehemu, alikuwa wapi? Alikuwa jikoni na aproni yangu, anakosha vyombo, anajiziba mdomo asicheke. Ulicheka naye. Nilikusikia.

Kwetu mtu akija mlangoni kwako humwambii sitaki. Sitaki ni sawa na kumtemea mate. Unatafuta njia aondoke na heshima yake. Nilipofika hapa mwaka wa sabini na tisa sikujua niwafukuze vipi watu wa bima na majirani wenye kahawa yao ya maji, mpaka siku moja nikabahatisha neno hilo. Lilifanya kazi kuliko kufuli! Wajerumani hawakuulizi swali la pili. Wanakuonea huruma na mlango unafungwa. Nikamfundisha Perihan, Perihan akawafundisha wengine. Wanaume wetu tuliwafanya mbwa wa mlangoni, nao hata kubweka hawajui. Hamdi alikuwa akiniomba ruhusa mimi kwenda kutazama mpira.

Basi ulipotuuliza mbona hatuji bwawani, Perihan akuambie nini? Kwamba hataki uyaone magoti yake? Kwamba darasa lako la jioni linagongana na tamthilia yake? Wewe ni mtoto wake wa kumlea, hawezi kukuambia sitaki. Akakupa neno lile. Tukakupa wote, hata mimi mjane, niliyekuambia marehemu hakuniachia ruhusa. Nawe ukalibeba kwa mikono miwili kama yai la dhahabu.

Siku hiyo tulijaribu kucheka. Perihan alisema, Yakup anikataze mimi? Yakup hata rimoti ya televisheni anaiomba kwa adabu! Lakini kesho yake alikuja bibi mmoja wa manispaa, mpole kama sabuni, akatutia vikadi mikononi tulipokuwa tukitawadha. Vikadi vya namba ya simu ya wanawake wanaopigwa. Yakup akakikuta kimoja kwenye mkoba wa Perihan, maana mbeba mkoba ni yeye. Alimwuliza mkewe, mimi nimewahi kukuinulia mkono? Miaka arobaini na nane, Sevde. Sasa haji msikitini. Anasema hata mwenye duka la dawa anamtazama vidole.

Nikasema hili nitalimaliza mimi. Niliandika karatasi, kwa herufi kubwa, kwamba sisi tuliosema waume zetu hawaruhusu, tulisingizia, na msomi ayafute maneno hayo kabla kitabu hakijachapwa. Nikatia sahihi wa kwanza. Nikapita nyumba kwa nyumba na goti langu hili, ngazi juu ngazi chini. Kumi na wawili wengine wakatia sahihi. Mmoja alinichelewesha kwa chai bilauri nne, lakini akatia. Alibaki Nazife, anayekaa juu yangu, nikamwacha wa mwisho kwa kuwa ni karibu.

Nilipanda kwake Ijumaa asubuhi, mumewe Cemal yuko kazini. Akaisoma karatasi, akaiweka kalamu mezani. Nikamkaripia. Nikamwambia mume wa Perihan amejifungia ndani kama mwenye eda, na wewe unaringia kalamu? Akasema pole pole, "Dada Gülizar, nyinyi mlikuwa mnasingizia. Mimi sikusingizia." Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Ndipo akanishika mkono, akanipeleka mlangoni, akafungua kabati la viatu. Viatu vya Cemal, jozi nne. Vya mwanamke, hakuna hata kimoja.

Viatu vyake vimo kwenye buti ya gari. Cemal anaondoka navyo kila asubuhi, tangu Nazife alipopanda treni kwenda kumwona binti yao Bremen bila kuaga. Hiyo ni miaka sita. Jumapili humpa viatu, humleta msikitini, hukaa nje kwenye gari mpaka tumalize. Na sisi tulikuwa tukisema Nazife ana bahati, anaendeshwa kama malkia! Mimi nimeishi chini ya nyayo zake, nasikia kandambili zake juu ya dari asubuhi na jioni, zinakwenda mpaka mlangoni na kurudi, na sikujiuliza siku hata moja mbona sisikii viatu.

Sikia nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nazife aliwahi kunijia. Mwaka wa kwanza wa hayo mambo, ngazini, nilipomkaribisha kwangu tukunje majani ya mzabibu, aliniambia, Cemal haruhusu, dada, na akanitazama asiondoke. Nami nikampiga begani nikamwambia, hongera, umejifunza vizuri kuliko wote! Neno lile nimelichezea mimi miaka arobaini, mpaka mwenye shida alipolisema kwa haki yake likasikika mzaha. Hilo ni langu. Nitajibu mimi mbele ya Mungu, na si wewe wa kuniandikia.

Lakini lako ni hili. Nilimwuliza Nazife kama habari ya viatu alikuambia. Akasema ndiyo, alikuambia yote, kinasa sauti kikiwa mezani. Nikamwuliza, Sevde akasema nini? Akasema ulimshukuru, ukageuza ukurasa, ukauliza swali linalofuata. Mkaza mwana wa Perihan ameisoma sura yako mara mbili, viatu havimo. Sisi waongo kumi na watatu umetupa kurasa ishirini, na mkweli mmoja umemfanya tarakimu. Kisha ukapanda treni. Nimekutukana barua nzima kwa kutuamini. Sasa nakutukana kwa kusikia na kuondoka.

Nazife anataka kwenda kwa binti yake Bremen. Nimemwuliza mara tatu, mara tatu amesema hivyo, na binti amesema mlango uko wazi. Mimi siwezi kuendesha gari, na mwanamume yeyote wa hapa nikimwomba, kabla ya swala inayofuata Cemal atakuwa ameshajua. Karatasi ya sahihi nimeifunga pamoja na barua hii. Ya kumi na watatu yafute. Ya Nazife usiyaguse, wala kuyafuta wala kuyapamba, mpaka yeye mwenyewe akuambie anataka nini.

Mama yako anakusalimu na anauliza kama ile soksi ya sufu ilikufika. Perihan hakusalimu, lakini ameuliza kifua chako kimepona, kwa hiyo usikate tamaa. Yakup naye mwandikie, kwa mkono, siyo kwa kompyuta. Mungu akupe akili sawasawa na elimu aliyokupa.

Ni mimi bibi yako,
Gülizar

Alhamisi Cemal anaingia kazini saa kumi na mbili asubuhi, anatoka saa nane. Uwe mlangoni kwangu saa moja na nusu, na gari lenye mafuta. Kinasa sauti kiache Leipzig. Njiani nunua viatu vya kike, namba thelathini na saba, vya kufunga kwa kamba, upande navyo juu kwa Nazife kabla hujaja kunibusu mkono.