Kaa Macharia

Osiepna, rafiki yangu Oduor,

Nakuandikia kutoka Nyahururu, kwenye baridi uliyozoea kuicheka kwenye simu. Nimerudi juzi kutoka Kisumu. Ndiyo, hatimaye nilifika, na wewe hukuwepo.

Binti yako Akinyi ndiye anayeendesha chumba cha gemu sasa. Mashine ni mpya, lakini benchi ni lile lile, na ukuta uliotenganisha chumba chako na kibanda changu cha vitabu bado una ule ufa tuliosemezana kupitia kwake. Kibandani kwangu wanauza kava za simu.

Unakumbuka asubuhi zile, watoto wakiwa shuleni, wateja hakuna? Ulinifundisha gemu ya kupigana, mimi mtu mzima mwenye miwani. Maneno yaliyokuja na mashine uliyakataa. Mtu akibonyeza vitufe vyote bila mpango, ulisema anapukuchua mahindi. Akimrusha mwenzake hewani na kumpiga mfululizo asiguse chini, hiyo ilikuwa danadana. Vipigo vidogo vya haraka viliitwa kudonoa. Nami, ambaye ujuzi wangu wote ulikuwa kuchuchumaa konani na kujikinga, ulinifundisha maana ya kumegwa: kila pigo linalogonga kinga huchukua kipande kidogo cha damu, ule mstari wa uhai juu ya kioo, hadi inaisha bila mtu kuangushwa. "Macharia, unalinda nini huko kona? Toka, hakuna mvua."

Kisha zikaja siku zile za baada ya uchaguzi, watu wa kabila langu walipofukuzwa mtaani. Sitazisimulia, ulikuwepo. Ulificha vitabu vyangu chini ya benchi lako, ukanisindikiza hadi kituo cha polisi ukitembea upande wa barabara uliokuwa na watu. Miaka yote iliyofuata ulipiga simu. "Rudi tumalize raundi ya tatu." Nami nikajibu: mvua zikipungua. Viazi vikishavunwa. Goti likipona.

Akinyi aliponiambia kwa simu kwamba umeshazikwa nyumbani kwenu Kombewa, nilipanga kufika, kusimama kaburini, na kuondoka kabla mtu hajaniuliza mimi ni wa wapi. Ila ilinibidi kwanza nimpitie Akinyi chumbani ili anipeleke. Nilikuwa sijafika mlangoni niliposikia sauti za vijana wengi kwa pamoja: "Macharia! Kaa Macharia!"

Oduor, niligeuka nusu niondoke. Mara ya mwisho jina langu lilipoitwa kwa sauti kubwa mtaani pale, unajua ni akina nani waliokuwa wakiliita. Nilijibanza ukutani. Nilipochungulia, hakuna aliyekuwa akinitazama. Walikuwa wakimwelekeza mwenzao aliyechezewa danadana hadi damu ikabaki kidogo. Naye akachuchumaa konani, akajikinga, na benchi zima likapumua.

Nikamuuliza kijana wa karibu, Macharia ni nani?

"Si mtu, buda. Ni vile unakaa chini kwa kona unablock. Hapa inaitwanga hivyo tangu kitambo."

Akinyi alicheka hadi akashika tumbo. "Wajinga nyinyi. Mwenyewe ndiye huyo."

Wakageuka wote kunitazama. Kisha mmoja, polepole: "Kumbe Macharia ni mtu?"

Hawakuniuliza nimetoka wapi. Waliniuliza kama bado naweza kucheza. Kumbe miaka yote niliyodhani nimefutika Kisumu, wewe ulikuwa ukilitaja jina langu kila siku, mpaka watoto waliozaliwa baada ya mimi kuondoka wakalichukua kama neno tu, la kumwokoa mwenzao.

Nikapewa kontrola. Nilichuchumaa konani kwa mazoea, wakapiga makofi. Nikamegwa, nikamegwa. Damu ilipobaki uzi, nikakusikia: hakuna mvua. Nikatoka. Nilipukuchua gunia zima la mahindi, rafiki yangu, na nikaangushwa vibaya, na nikacheka mpaka miwani ikaanguka.

Nikawauliza, huku kutoka konani damu ikiwa imekaribia kwisha kunaitwaje? Wakatazamana. Hakuna jina. Nikasema kuitwe Oduor. Yule kijana niliyemuuliza kwanza akatikisa kichwa: "Tutaona kama itashika, mzee." Hakukosea. Neno kama hilo halitolewi na mzee aliyeshindwa. Linatolewa na wanaopiga kelele mwenzao anapopigwa, wasipokuwa na muda wa kuchagua.

Kombewa tulifika jua likiwa bado kali. Udongo juu yako haujashikana. Nilitaka kukusimulia yote haya pale pale, lakini nilianza na jina lako na sauti haikuendelea. Akinyi akageuka akawa anang'oa magugu ambayo hayakuwepo. Ndiyo maana naandika.

Nakuahidi hivi: Desemba nitarudi, goti lipone lisipone. Nitapita kwako kwanza. Kisha nitasimama nje ya chumba bila kujionyesha, nisikilize kama wanakuita.

Oriti, kwaheri, osiepna. Pumzika.

Wako wa konani,
Macharia